Unanunua nyumba Florida? Angalia kama jimbo limebakiza haki zake

Kabla ya kukamilisha ununuzi, kampuni ya bima ya hatimiliki, yaani bima inayokulinda dhidi ya kasoro za umiliki, itakutumia ripoti. Wengi wetu huangalia bei na majina tu. Ndugu, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya mambo ambayo bima haiyagusi. Hapo unaweza kukuta mstari wa miaka ya 1940 unaosema jimbo lina haki ya barabara, mafuta au madini kwenye kiwanja unachokilipia.

Soko la ardhi Florida liliporomoka mwaka 1926, kisha ukaja Mdororo Mkuu, na wenye viwanja wengi wakashindwa kulipa kodi. Sheria ya Murphy ya mwaka 1937 ikavipeleka viwanja hivyo kwa jimbo, nalo likaviuza upya huku likijibakizia haki fulani ndani ya hati.

Aliyekulia Kenya au Tanzania haoni ajabu, maana kwetu madini ni mali ya umma hata shamba likiwa la babu. Florida kwa kawaida mwenye ardhi ndiye mwenye kilichomo chini yake, kwa hiyo mstari huo ni kasoro na mnunuzi wa kesho atauulizia.

Kwa madini, mara nyingi jimbo lilibakiza robo tatu ya fosfati na madini mengine, na nusu ya mafuta, pamoja na haki ya kuingia na kuchimba. Hiyo ya kuingia ndiyo inayotisha, lakini kifungu cha 270.11 cha sheria za Florida kimekwisha kuiachia kwa kipande chochote ambacho ni, au kiliwahi kuwa, eneo moja la chini ya ekari 20 la mmiliki mmoja. Viwanja vya kawaida vya mitaani vimo humo. Usimlipe mtu akufuatilie kitu ambacho sheria imekwisha kukupa! Mwenye shamba kubwa ndiye apeleke ombi kwa kitengo cha ardhi za jimbo, Idara ya Ulinzi wa Mazingira, Tallahassee.

Mimi ningehofia zaidi barabara. Hati nyingi za Murphy zilibakiza futi 100 kila upande, kuanzia katikati ya barabara ya jimbo iliyokuwepo siku hati ilipotolewa. Nyumba ikiwa kando ya barabara kuu ya zamani, futi hizo zinaweza kufika sebuleni. Ombi la kuziachia huanzia Idara ya Uchukuzi ya Florida, ofisi ya eneo lako. Kusini mwa Florida kuna pia hati za iliyokuwa Everglades Drainage District, mamlaka ya zamani ya kukausha maji ya kinamasi cha Everglades. Hizo zinashughulikiwa na South Florida Water Management District, mamlaka ya maji ya kusini mwa jimbo.

Andaa nakala ya hati ya zamani yenye namba ya kitabu na ukurasa, hati ya umiliki wa sasa, maelezo ya mipaka, na ramani ya mpima inayoonyesha nyumba na barabara. Kama bado hujanunua, mwache muuzaji ahangaike: weka kwenye mkataba sharti kwamba haki hizo ziachiliwe, kabla amana yako haijafungwa. Ukiwa London au Muscat, mpe wakili wa Florida idhini ya maandishi akufuatilie.

Jimbo likikubali, litatoa hati ya kuachia haki. Isajiliwe kwa karani wa kaunti kilipo kiwanja, kisha idai kampuni ya bima iufute ule mstari kwenye ripoti.