Kujiandaa kwa mbio za Moshi ndani ya Ramadhani bila kuikimbia futari

Mbio za Kilimanjaro pale Moshi hukimbiwa mwishoni mwa Februari, na Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Ndiyo maana 2026 vikakutana. Mwaka 2027 vitakutana tena, maana mwezi unatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 huenda Idi yenyewe ikaangukia wiki ya mbio. Kwa hiyo wewe unayefunga na unayetaka kukimbia kilomita 21, jipange. Hili halipiti mwaka mmoja likaisha.

Naandika nikiwa mkimbiaji wa mtaani, si mwalimu wa riadha. Nakaa Tandika, Dar es Salaam, nyumba ya watu tisa kwenye mkeka wa futari, na nazi nakuna mimi. Nakimbia na kikundi chetu cha jogingi, vile vikundi vya Temeke vinavyopita alfajiri ya Jumamosi vinaimba mchakamchaka na kuamsha waliolala. Kila mwezi ukikaribia nasikia ushauri uleule: punguza mazoezi, acha tambi, acha vitumbua, futuru matunda na kuku wa kuchemsha. Sikubaliani nao. Ukiiangalia vizuri futari ya Pwani, utaona ni muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, uji na tambi. Ni wanga mtupu, na wanga ndio unaojaza akiba ya nguvu kwenye misuli ya mtu anayekimbia mbali. Kinachotuangusha ni mpangilio: tunakula vyote kwa dakika kumi, tunalala usiku wa manane, kisha daku tunaipita.

Kwanza kalenda

Chukua mwaka 2027. Mwezi ukiandama tarehe 8 hivi, mbio zitakukuta karibu wiki tatu ndani ya funga. Sasa, mkimbiaji yeyote wa kilomita 21, anayefunga na asiyefunga, anatakiwa apunguze mazoezi wiki mbili hivi kabla ya mbio ili mwili upumzike. Maana yake ni kwamba Ramadhani itaingia karibu na wakati ambapo ungepunguza hata hivyo. Kazi kubwa iishe Januari.

Milima pia iishe Januari. Dar ni tambarare, na njia ya Moshi inapanda kuelekea Mweka kabla ya kuteremka kurudi mjini. Watu wa Mbezi na Ubungo wana kile kilima cha Chuo Kikuu. Sisi wa Temeke tunaelekea Pugu na Kisarawe, Jumapili asubuhi, kabla jua halijakomaa. Mwezi ukishaingia usianze kutafuta mlima mpya. Lengo linakuwa kulinda ulichokijenga.

Saa za kukimbia

Februari hapa Dar magharibi huadhiniwa saa kumi na mbili na robo tatu hivi, na alfajiri inaingia kama saa kumi na moja na robo. Funga ni ya saa kumi na tatu na nusu, katika miezi yenye joto kali kuliko yote. Kukimbia mchana, hata dakika ishirini, ni kujitafutia kizunguzungu. Zinabaki nafasi tatu.

Ya kwanza ni kabla ya kufuturu. Unatoka saa kumi na mbili kasorobo, unakimbia polepole dakika 30 hadi 40, unarudi adhana ikikaribia. Polepole maana yake uweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi. Zunguka karibu na nyumbani, usiende njia ndefu ya kwenda na kurudi, ili mwili ukigoma uwe hatua chache kutoka mlangoni. Uzuri wake ni kwamba maji yako mbele yako.

Lakini tuseme ukweli, nafasi hiyo ni ya wanaume. Saa ile wao wanafunga kamba za raba, sisi tuko jikoni na moshi. Mimi na wifi yangu tuligawana: Jumatatu na Jumatano anakamilisha yeye, siku nyingine mimi. Na siku ya zamu yake nazi nakuwa nimeshaikuna na muhogo nimeshaumenya tangu alasiri. Mwanzoni aliniuliza, "Wifi, kweli unataka kuniachia sufuria zote hizi kwa ajili ya kukimbia tu?" Siku hizi anakimbia naye, kwa hiyo tumelazimika kumuingiza kaka yake jikoni. Anajua kuchoma samaki. Kwa Ramadhani inatosha.

Nafasi ya pili ni baada ya tarawehe, saa tatu na nusu au saa nne usiku. Hapa ndipo pa mazoezi ya kasi, mara moja kwa wiki, kwa sababu tumboni kuna chakula na mwilini kuna maji. Jipashe moto dakika kumi, kimbia kwa nguvu dakika tatu, tembea dakika mbili, rudia mara tano au sita, basi. Ramadhani mitaa yetu usiku haijalala, kuna wauza kahawa, kuna mishkaki, watoto wako nje. Hata hivyo mwanamke asiende peke yake. Sisi tunakwenda kwa kundi, tumevaa vizibao vinavyong'aa, na kijana mmoja wa bodaboda anatufuata nyuma na maji. Tunachanga mafuta.

Ya tatu ni kabla ya daku, na mbio ndefu ya wiki naiweka hapa bila kusita. Tunaamka saa nane usiku wa kuamkia Jumapili, tunatoka na nusu yake kufuata Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, na saa kumi na robo tuko nyumbani. Unaweza kunywa njiani na unakula mara tu ukimaliza, wakati misuli ina njaa kuliko saa nyingine yoyote. Gharama yake ni usingizi. Kwa hiyo Jumamosi hiyo lala mara baada ya isha, na Jumapili ulale tena baada ya adhuhuri. Asiye na nafasi ya kulala mchana asikimbie usiku huo, afupishe tu mbio zake za jioni.

Mkeka wa futari

Anza na tende tatu na maji bilauri moja, maji ya kawaida, si ya barafu. Kisha uji. Uji wa mtama au ulezi wenye pilipili manga na tangawizi unakupa maji, wanga na chumvi kidogo kwa pamoja, na tumbo linaupokea kirahisi. Swali magharibi. Ile nafasi ya swala ni dawa, maana ukirudi mkekani pupa imepungua.

Halafu futari yenyewe, na hapa nataka kuzungumzia tui. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni. Muhogo uliomiminiwa tui la kwanza, zito, ni mtamu kupita kiasi, lakini ukienda nao kwenye mazoezi ya kasi saa tatu baadaye utausikia unapanda kooni. Kwa hiyo usiku wa mazoezi napika kwa tui la pili peke yake, na la kwanza naliweka kando kwa usiku wa mapumziko. Nazi ni ileile na futari ni ileile. Wazee nyumbani walilalamika kwamba muhogo una maji, nikawatengea wao kibakuli chao na tui zito juu. Vivyo hivyo kwa ndizi mbivu, magimbi na tambi.

Sambusa, kachori, katlesi na kaimati sivikatazi. Usiku wa kukimbia kula kimoja, usiku mwingine kula utakavyo. Kaimati zilizolowa shira ni sukari ya haraka, na mimi nakula mbili tatu baada ya mbio badala ya kabla. Mbaazi za nazi nazipenda, lakini mbaazi na maharage zina gesi, zikae usiku wa mapumziko na zipotee kabisa siku mbili kabla ya mbio. Juisi ya ukwaju nayo inalegeza tumbo. Kwa anayefunga inasaidia kupata choo, kwa anayekwenda kukimbia kilomita 21 asubuhi inaweza kumwaibisha Moshi nzima.

Maji: kati ya futari na daku lenga lita mbili na nusu hadi tatu, kidogokidogo, bilauri kila nusu saa. Kumeza lita moja dakika ya mwisho kabla ya adhana ya alfajiri ni kazi bure, utaipeleka chooni kabla jua halijachomoza. Ukiwa na mizani, jipime kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyotoa jasho. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na chumvi kidogo, na jasho letu la Februari ni la chumvi. Tia chumvi kidogo sana kwenye dafu, au kunywa pamoja na supu. Kahawa chungu na kashata ndiyo raha ya usiku wa Ramadhani na siwezi kumnyang'anya mtu. Mimi naiacha saa tatu, vinginevyo saa saba bado nahesabu mabati.

Daku usiipite, hata kama huna hamu. Wali uliobaki na mchuzi, mayai mawili, ndizi mbivu, ugali na mtindi, chochote chenye wanga na protini ambacho hakitakupa kiu. Papa mkavu asije kwenye daku. Asiyekula daku asikimbie jioni yake.

Na kwa akina dada: zile siku ambazo hatufungi, usizikimbize zote kwenye mazoezi makali eti kwa sababu unaweza kunywa. Mwili unapoteza damu. Kula maini, mchicha na kunde, kimbia wastani, na kumbuka siku hizo utazilipa.

Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za presha amwone daktari kabla ya kuchanganya funga na mazoezi. Na yeyote akisikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio usiotulia, au jasho limekata ghafla kwenye joto, asimame, afungue na anywe. Dini haikutaka ufe barabarani.

Kwenye kikundi chetu kuna Wakristo, na mwaka 2026 Kwaresima na Ramadhani vilianza wiki moja. Nao wengine walikuwa wanafunga, kimyakimya, bila daku wala ngoma ya kuamshana. Kwa hiyo kiongozi wa kikundi awaulize wote kabla ya kupanga ratiba, asidhani anawajua kwa majina yao.

Wikiendi ya Moshi

Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 500, na msafiri ana ruhusa ya kula na kuzilipa siku hizo baadaye. Masharti yake muulize shekhe wako mapema, si Jumamosi usiku. Msimamo wangu juu ya mwili ni mmoja: kilomita 21 kwenye jua la Moshi, kwenye mlima, bila maji, usikimbie. Kama moyo wako hautaki kuiacha funga, ingia zile kilomita tano na ufurahie, au subiri mbio nyingine baada ya Idi. Mwaka una mbio nyingi.

Kama umechukua ruhusa, Jumamosi mchana kula mtori. Ndizi na nyama vilivyopondwa vikawa laini, hakuna chakula kinachokaa tumboni kwa amani zaidi ya hicho, na Uchaggani wanaupika ipasavyo. Kula kwa staha, wenzako uliosafiri nao wengine wamefunga. Jioni kula wali na samaki au kuku, mafuta kidogo. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza, mkate mkavu, ndizi mbivu na chai. Usijaribu kitu kipya, hata kama hoteli imepanga meza nzuri.

Njiani, kupanda kuelekea Mweka nenda chini ya uwezo wako, watu wakupite. Wengi wanamaliza mapaja pale, halafu mteremko wa kurudi unawashinda kwa sababu kuteremka nako kunatumia mapaja yaleyale. Kunywa kila kituo cha maji, funda mbili tatu, na jimwagie kichwani.

Ukirudi

Siku mbili baada ya mbio tembea tu. Mwaka 2027 utakuwa bado na siku kumi hivi za funga: kimbia polepole kabla ya kufuturu, siku tatu kwa wiki, na makali yote yaache. Idi Mosi hakuna mazoezi. Kuna pilau, kuna biriani, kuna kuzunguka kwa jamaa na kila nyumba ina sahani yake. Idi Pili jioni kundi letu linatoka kilomita nne za kutoa mafuta, kwa mwendo wa kucheka.

Anayenuia sita za Shawwal, zile funga sita za sunna za mwezi unaofuata Ramadhani, azipange pamoja na ratiba. Mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi kwa wiki tatu, mazoezi ya kasi nayaweka Jumanne usiku, mbio ndefu Jumapili asubuhi baada ya chai. Zile siku za kulipa naziweka baada ya mvua za masika kuanza, mchana unapokuwa na mawingu.