Mbwa mkubwa na paka nyumba moja

Ukileta mbwa mkubwa kwenye nyumba yenye paka, usiwakutanishe siku hiyohiyo. Kila mmoja akae chumba chake, na uwabadilishie matambara wanayolalia ili wazoeane kwa harufu kwanza. Siku ya kuonana, mbwa awe na kamba. Paka mwache chini awe huru. Ukimbeba atakuparura begani akitafuta pa kurukia. Mbwa akimwacha paka na kukutazama wewe, hapohapo mpe kipande cha nyama. Akimkodolea macho huku mwili umekakamaa, mtoe nje taratibu, bila kumfokea. Paka naye apate pa kupanda, hata juu ya kabati, na sahani yake iwe hukohuko, maana dagaa wa paka hawadumu mbele ya mbwa.