Mkeo ananyonyesha, wewe kazi yako ni hii

Ndugu yangu, kama mkeo ana ujauzito wa miezi saba au minane, kaa na mama yako mzazi mzungumze. Ya daktari yatafuata.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, nakaa Igogo, Mwanza, huko juu kwenye mawe. Watoto wetu watatu wote wamenyonya ziwa tupu, yaani bila maji wala chakula kingine, mpaka miezi sita, na vita niliyoiona kubwa ni ya kijiko cha maji. Mgeni anaingia, anamkuta mtoto analia, anasema "kiu hiyo", kabla hujageuka kijiko kiko mdomoni. Mkeo hawezi kumkatalia mama mkwe, atanyamaza, ndivyo alivyofundwa. Wewe ndiye unayeweza.

Nenda mapema, na usiende mikono mitupu; mimi nilibeba sato wawili. Usianze na "nesi kasema", utaulizwa huyo nesi kazaa wangapi. Mwulize kwanza ninyi aliwaleaje, umwache aeleze mpaka amalize. Ndipo umwambie: "Mama, huyu tunataka anyonye tu mpaka miezi sita. Naomba unisaidie kuwazuia wengine." Wangu alinijibu kama wako atakavyokujibu: "Wewe nilikupa maji na dawa ya mchango, ulikufa?"

Jibu taratibu. Sikufa mama, nashukuru. Ila maziwa yenyewe karibu yote ni maji, kama 88 katika kila 100, hata jua la Mwanza liwake vipi yanamtosha. Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji hanyonyi, na asiponyonya, ziwa nalo linapunguza kutengeneza. Halafu mkumbushe kipindupindu. Mtu wa pembeni mwa Ziwa Victoria hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha mpe kazi: uji wa ulezi wa mzazi, kumwogesha mtoto, kumbeba mama akipumzika. Bibi mwenye kazi hana muda wa kutafuta kijiko. Maji ya sukari, asali, dawa ya mchango, zile chupa za tumbo za dukani, vyote jibu lake ni hapana. Kinachoruhusiwa ni dawa, matone ya vitamini au ORS (ile dawa ya maji ya kuharisha) mtoto akiandikiwa kituoni.

Siku ya kujifungua wengi wetu tunabaki nje na beseni. Sawa, lakini mkubaliane na mkeo mapema kwamba mtoto anawekwa kifuani na kunyonya ndani ya saa moja ya kwanza, na dang'a, yale maziwa mazito ya njano, hayamwagwi hata tone. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Usikimbilie kununua maziwa ya kopo kwa sababu shangazi kasema "hayajatoka". Siku mbili tatu za mwanzo yanakuwa machache, na machache hayo yanamtosha.

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa angalau siku 3 za likizo ya uzazi zenye malipo, uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mkeo ana siku 84, au 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sisi wa mtumbwi sheria yetu ni mbalamwezi: mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, tunalala nyumbani. Giza likirudi, panga na mwenzako akushikie nafasi siku za mwanzo, nawe utamlipa akipata wake.

Sasa nyumbani. Kuna kitu baba anakiona ambacho mama mwenyewe hakioni vizuri, kwa sababu yeye anaangalia kutoka juu. Kaa pembeni yake mtoto anaponyonya. Mdomo uwe umepanuka sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa ziwa, na sehemu nyeusi ya ziwa inayoonekana juu ya mdomo iwe kubwa kuliko inayoonekana chini yake. Akishika chuchu peke yake mama anaumia, chuchu zinachanika, na hapo ndipo wanawake wengi wanakata tamaa. Mwambie mkeo amtoe kwa kupitisha kidole safi pembeni ya mdomo, aanze upya. Usimwambie "unakosea". Sema "tujaribu tena".

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku hauruki. Wewe huna ziwa, ila una mikono: mlete mtoto, weka jagi la maji karibu na mama (kila akinyonyesha kiu inamshika), na mtoto akishiba mweke begani umcheulishe na kumbadilisha nepi, mama awe ameshalala. Maji ya ndoo kupanda Igogo ni yako, usijadili.

Nepi nazo fua wewe. Majirani watacheka wakikuona unazianika kwenye mwamba, waache. Anayefua ndiye anayejua hesabu: kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtoto anayeshiba analowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Mtu akisema "maziwa hayatoshi", unamwonesha nepi zilizoanikwa na kadi ya kliniki. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, na ndani ya wiki mbili unatakiwa uwe umerudi. Nepi zikipungua, mtoto akikataa ziwa, akipata homa au macho yakiwa ya njano, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo. Vilevile ziwa likiwa gumu, jekundu, na mama ana homa. Huku akiendelea kunyonyesha.

Tuseme na la kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakilala pamoja mtoto anayenyonya anadhoofika, maana wanaume tunaliongelea mwaloni kwa kunong'ona. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachomletea shida mtoto ni mimba ya haraka inayomwachisha ziwa. Mama asipoona hedhi, akinyonyesha ziwa tupu usiku na mchana, na mtoto hajafika miezi sita, kinga ya mimba inazidi asilimia 98. Moja likikosekana, kliniki ya uzazi wa mpango, na uende naye. Mama mwenye VVU anayemeza dawa zake ipasavyo naye ananyonyesha ziwa tupu, kwa maelekezo ya kliniki. Kuchanganya na vitu vingine ndiko kunamwongezea mtoto hatari.

Mkeo akirudi sokoni, akamue kwa mikono safi kwenye chombo chenye mfuniko. Kwa joto letu yasikae bila friji kwa muda unaozidi saa 4. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, chupa za chuchu ni shida kuzisafisha.

Miezi sita ikitimia anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, huku akianza chakula. Kwenye uji tia dagaa waliosagwa, ila nunua waliokaushwa juu ya chanja. Walioanikwa mchangani hata mimi ninayewauza siwapeleki nyumbani.