Mtoto akisalishwa darasani sala isiyo ya nyumbani kwenu: namna ya kulishughulikia

Binti yangu alikuwa na miaka saba aliponiuliza, tukiwa tunakunja nguo, kama Mungu hukasirika mtu akisali huku jicho moja liko wazi. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba darasani kwao kila asubuhi kuna sala, na si ya dini yetu. Ni dini gani sitaji. Ningekuwa wa dini ya mwalimu nisingegundua lolote, na mzazi mwingine ndiye angekuwa anaandika haya.

Kosa langu la kwanza usilirudie. Nilimvaa mwalimu getini asubuhi, watoto wakipita na mabegi yao. Kufika mapumziko, binti yangu alikuwa ameshapata jina: yule ambaye mama yake hataki tusali. Anza na mtoto, mwalimu baadaye.

Mwambie akuigizie. Ukimwuliza "wanakulazimisha?", atakupa jibu unalolitafuta. Mimi nilisema: haya, mimi ni mwanafunzi mgeni, nionyeshe asubuhi yenu inavyoanza. Akasimama, akaunganisha mikono, akafumba macho, halafu akachungulia kwa jicho moja. Unachungulia nini, mama? Kumbe anaangalia kama mwalimu anamtazama, maana asiyetamka kwa sauti ndiye huitwa mbele kesho yake kuongoza sala. Maneno yenyewe hayakuwa yakimsumbua sana. Alichoogopa ni kuitwa mbele. Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kugombania teolojia!

Ndipo uamue unataka nini hasa. Kusimama, kufumba macho, kuunganisha mikono na kutamka ni mambo manne, wala si lazima uyakatae yote. Sisi tulikubaliana kwamba kusimama ni adabu, kutamka hapana. Kwenu mpaka unaweza kupita kwingine. Mtoto awepo mnapoupanga, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa pale saa mbili asubuhi, si wewe.

Jihadhari na jibu jepesi: "Basi awe anatoka nje." Nilikaribia kulipokea kwa shukrani. Lakini mtoto wa miaka saba anajua ni nani hutolewa nje ya darasa: mtukutu. Kila siku atahisi anaadhibiwa kwa ajili ya dini ya wazazi wake. Katika kesi ya Engel v. Vitale, iliyoanzishwa na wazazi wa New York, watoto waliruhusiwa kunyamaza au kutoka wakati wa sala fupi ya maneno 22 iliyotungwa na mamlaka ya elimu ya jimbo. Hata hivyo, mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani iliona ruhusa hiyo haitoshi, na kwamba kutunga sala si kazi ya serikali. Uingereza ilishika njia nyingine: sheria ya mwaka 1944 iliagiza ibada ya kila siku shuleni, ikampa mzazi haki ya kumwondoa mtoto wake. Kwa hiyo ulizia sheria ya mahali ulipo kabla hujapaza sauti. Na kama ni shule ya dini, uliyoichagua mwenyewe ukijua, hoja yako ni nyembamba; kubali hilo mapema.

Kwa mwalimu, omba nafasi baada ya masomo, nenda na ombi moja. Langu lilikuwa hili: "Mwalimu, naomba asimame kimya na wenzake, na asiitwe kuongoza." Sikusema sala iondolewe. Naye akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: sala ile ndiyo humtulizia darasa, bila hiyo anatumia robo saa kuwanyamazisha. Nikamwuliza kama dakika moja ya ukimya, kila mtoto na lake moyoni, isingefanya kazi hiyohiyo. Akacheka, akasema wakinyamaza dakika nzima atanitumia picha. Ombi langu alilikubali. La dakika ya ukimya mpaka leo halijajaribiwa.

Ahadi ikivunjwa, andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, yenye tarehe ya mazungumzo yenu na ombi lilelile, bila vitisho.

Mpe mtoto na jibu la kuwajibu wenzake. La kwetu ni "mimi huwa nasali nyumbani," basi. Mwanzoni nilimfundisha maelezo marefu, akayasahau siku ya kwanza.

Kila baada ya wiki chache mwambie akuigizie tena, hasa mwalimu akibadilika. Mara ya mwisho binti yangu alisimama, mikono chini, mdomo kimya, na akafumba macho yote mawili. Sikumwuliza anasema nini humo ndani.