Kupima sonona kwa kijana wa kijiweni

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kali ya muda mrefu), huuliza hali ya wiki 2 zilizopita: maswali 9, kila jibu alama 0 hadi 3. Usilifanyie kijiweni Manzese mbele ya wenzake. Atakujibu "poa tu" na utaandika sifuri tupu. Kaeni pembeni, msomee maswali kama yalivyoandikwa, polepole. Neno "sonona" liache kabatini, wengi huzungumzia "mawazo".

Jumla ya 10 kwenda juu inahitaji tathmini ya mtaalamu. Peke yake haithibitishi ugonjwa. Swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, halisubiri jumla. Likipata hata 1, muulize waziwazi kama ana mpango (kuuliza hakumpandikizii wazo), usimwache peke yake, msindikize hospitali siku hiyohiyo.