Programu ikianguka bila mpangilio, ipunguze hadi ibaki lugha tupu

Programu ikianguka mara mojamoja tu, usikimbilie kuilaumu lugha. Mara nyingi kosa ni la kodi yetu, yaani maagizo tuliyoyaandika. Lakini ukitafuta usilione, andika programu ndogo isiyotumia maktaba yoyote ya nje (kodi iliyoandikwa na wengine), inayorudia lile tendo unalolishuku maelfu ya mara. Nayo ikianguka, kodi yako imetoka kwenye lawama.

Ndivyo wahandisi wa Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, walivyoinasa hitilafu ya lugha ya Go mwaka 2025. Seva zao za arm64, aina moja ya kichakata, zilianguka kwa nadra, wakati mfumo wa Go unapoisoma staki (kumbukumbu inayotunza mfuatano wa kazi zinazoendelea), na dalili zikaelekea kwenye maktaba moja ya mtandao. Maktaba haikuwa na kosa. Amri ya kujumlisha ya arm64 hubeba namba ya biti 12, kwa hiyo staki ikiwa kubwa, kompaila (kinachogeuza kodi kuwa amri za mashine) ilikirudisha kielekezi cha staki, anwani inayoonyesha ncha yake, kwa amri mbili. Tangu Go 1.14, gorutini, yaani kazi ndogo inayoendeshwa sambamba na nyingine, inaweza kukatizwa karibu popote. Ikikatizwa katikati ya amri hizo mbili, kielekezi kimefika nusu ya njia, na msomaji wa staki anasoma takataka. Nafasi ya amri moja tu! Hakuna jaribio la kawaida ambalo lingeiona.

Kama unaendesha Go kwenye arm64, hakikisha una 1.23.12, 1.24.6, au 1.25 na kuendelea. Na ripoti za kuanguka usizifute: zilinganishe, utafute amri ileile inayojirudia.