Somo: Kutunza mbao za Morris Minor Traveller kabla hazijaoza

Assalamu alaikum ndugu na jamaa. Wengi mmeniuliza vipi mbao za Traveller yangu zimebaki na rangi ya asali, na gari lenyewe lina zaidi ya miaka hamsini na linalala nje kwenye mvua za Uingereza. Leo nimekaa niandike yote kwa pamoja.

Kwanza mjue mnachoshika. Traveller ilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971, na mbao zile za ubavuni si pambo. Ni za mti uitwao eshi, na ndizo zinazoshikilia vioo, mabati na milango miwili ya nyuma. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Lamu. Siku ya kwanza nilipoliona gari hili niliyatambua mataruma, zile mbavu za jahazi, ila haya yako nje ambako kila mtu anayaona. Nalipenda kwa sababu hiyo: mifupa yake unaigusa kwa mkono. Basi mbao ikioza, bodi ndiyo imeoza.

Hatua ya 1. Osha gari, uliache chini ya paa siku mbili tatu. Mbao iliyolowa itakudanganya.

Hatua ya 2. Tafuta weusi. Njano iliyokoza ni vanishi iliyozeeka tu, lakini weusi unaoanzia kwenye maungio ni maji yaliyopenya. Bonyeza kwa ncha ya bisibisi. Eshi nzima hukataa. Iliyooza humeza ncha kama muhogo uliochemka.

Angalia zaidi mbao ndefu iliyo chini ya vioo vya kusukuma. Vioo hivyo huteleza ndani ya mfereji, na mfereji una vitundu vya kutolea maji. Vikiziba kwa vumbi na majani, maji hukaa juu ya mbao msimu mzima. Mwaka juzi nilizibua kimoja kwa spoki ya baiskeli, kikatoka kidonge cha udongo mweusi chenye mche wa majani mawili. Chini yake mbao ilikuwa laini kwa upana wa kidole gumba. Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi namimina kijiko cha maji mferejini, nasubiri hadi nilione tone linatoka nje. Lisipotoka, siondoki hapo. Kona za chini, karibu na matao ya magurudumu, nazo zikague vivyo hivyo.

Hatua ya 3. Kwangua vanishi yote kwa kufuata nyuzi za mbao. Mashine ya msasa iweke mbali na kona, hula umbo.

Hatua ya 4. Madoa yaliyobaki yapake asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Vaa glavu na miwani, ni sumu. Kisha suuza vizuri, kausha tena. Mbao iliyooza haitibiki kwa dawa: ikate, uunge kipande kipya cha eshi. Tafadhalini msijaze putti. Putti huficha maji, na uozo huendelea ndani kwa ndani.

Hatua ya 5. Msasa namba 120, halafu 180, kisha vanishi inayopumua, yaani inayouacha unyevu utoke, mikono mitatu myembamba. Anza na vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, maana huko ndiko inakokunywa maji kama mrija.

Maswali ya wanachama

Kaka, gari langu halilazimiki tena kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Kuna haja ya haya yote?
Ipo, ndugu yangu. Tangu 2018 magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo hapa, lakini watoto wako wanakaa kiti cha nyuma, katikati ya mbao hizo. Mimi langu nalipeleka kwa hiari.

Mie niko Marekani, nimepata Ford Country Squire ya miaka ya 1970. Mbao zake nazo nizipige msasa?
Usithubutu, dada! Hiyo ni plastiki iliyochapwa sura ya mbao. Zamani Ford walikuwa na msitu na kiwanda chao cha mbao Iron Mountain, Michigan, na mbao za magari yao zilikuwa za kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 chuma kikachukua kazi, ikabaki picha. Wewe osha kwa sabuni laini, ulikinge na jua. Ni gari zuri, litunze.

Naweza kupaka sifa, yale mafuta ya samaki, kama wazee walivyopaka majahazi?
Swali hili limenigusa, kwa sababu nami nilitamani. Lakini mafuta ya samaki hayakauki yakawa magumu. Yatashika vumbi la barabara na harufu itaingia kwenye viti. Hata mafuta ya kitani mabichi siyashauri, huota ukungu na kuwa meusi. Baki na vanishi inayopumua, na uzibue vitundu vyako.